Chumvi ya Mfiwa

Mkewe Eufrazia alipofariki, Kornelio aliacha kula chumvi. Hakumwambia mtu. Pale Mtoni, kando ya njia ya Kilwa, majirani zake walikuwa Wazaramo, Wandengereko na Wangindo, na kila kabila lilikuwa na namna yake ya kuwalilia wafu wake. Yeye hakuona sababu ya kutangaza namna ya kwao. Katika ukoo wake, kule Newala, mwanamume aliyefiwa na mke hali chumvi mpaka shemeji yake, ndugu wa marehemu, aje amlambishe. Siku hiyo shemeji huchukua chumvi kidogo kwa ncha ya kidole, humtia mfiwa ulimini, na kumwambia mbele ya watu, “Dada yetu amefika. Sasa kula.” Kabla ya hapo mfiwa huwa kama mtu aliyemsindikiza mgeni njiani na hajaambiwa arudi.

Shemeji yake aliitwa Leonardi. Alituma salamu kwa abiria wa lori kwamba angekuja baada ya mavuno ya korosho. Korosho zikaisha, masika yakaingia, Rufiji ikafurika na njia ikafungwa. Maji yalipopungua akaja mtu mwingine na habari kwamba Leonardi amevimba miguu, hawezi safari, na kwamba shemeji avumilie. Kornelio akavumilia. Alipika ugali wake na mchicha wake bila chumvi, akala taratibu kama mtu anayetafuna karatasi, akanawa mikono.

Hakuwa mtu mjinga. Miaka mingi alichonga miguu ya vitanda na maua ya masanduku katika karakana ya Karmali mjini, na kichwa kilipoingia mvi alikwenda shule ya jioni pamoja na makuli na matopasi wazoa taka, akajifunza kusoma na kuandika. Sasa macho yalikuwa yamepungua nguvu, akawa anachonga miko na vitana nyumbani, lakini jioni alivaa koti lake akakaa mlangoni na kusoma gazeti kwa sauti ili wapitao wasikie. Watoto wake wawili walikufa wadogo. Eufrazia ndiye aliyekuwa watu wake wote.

Baada ya msiba usingizi ulimkimbia. Alilala kitandani macho makavu mpaka jogoo awike, na mchana mikono ikamtetemeka asiweze kushika patasi. Ndipo akaenda kwa Daktari Remtulla, Mhindi mtu mzima aliyekuwa na dispensari yake ndogo karibu na daraja. Kama ilivyokuwa desturi, mgonjwa alikwenda na chupa yake mwenyewe, na Kornelio alikuwa ameiosha yake kwa majivu mpaka ikang'aa.

Daktari alimpima mapigo ya moyo, akamtazama ulimi, akamuuliza kama anakula vizuri.

“Nakula kama watu wote,” Kornelio akajibu.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Aliona haya. Mtu wa gazeti na koti amweleze daktari habari ya kulambishwa chumvi na shemeji? Daktari angemwona mshamba wa juzi. Basi akanyamaza, na daktari akaamuru apewe dawa ya usingizi, kijiko kikubwa asubuhi, mchana na jioni. Ilikuwa dawa nyeupe kama maji, yenye ladha ya chumvichumvi iliyofichwa kwa sharubati. Kornelio alipoionja mara ya kwanza alishtuka, akarudi kumuuliza mchanganya dawa kama ile ni chumvi. Aliambiwa si chumvi ya kula, ni dawa tu. Akaridhika.

Dawa ilifanya kazi. Alilala kama mtoto, na chupa ilipokwisha akajaziwa nyingine, na nyingine. Alikunywa bila kukosa wala kuzidisha, maana alijivunia kufuata maagizo kuliko wale waliokunywa dawa wakikumbuka na kuiacha wakisahau. Lakini baada ya muda usingizi haukutaka tena kumwachia hata mchana. Kichwa kilikuwa kizito. Ulimi ulikuwa mnene kinywani. Uso wake, ambao haukuwahi kuwa na chunusi tangu ujana, ukatoka vipele. Gazeti aliliweka magotini na maneno yakakataa kukaa mahali pake. Alisema moyoni kwamba ni uzee, na uzee ulikuwa umemngoja Eufrazia aondoke ndipo uingie.

Kisha Eufrazia akarudi.

Alikuja mchana, wakati jua lilipokuwa kali na watu wamejificha vivulini. Kornelio alikuwa amekaa na mwiko usiokwisha mkononi, akasikia ufagio uani. Alipotazama, alimwona ameinama, kanga ameifunga kiunoni kama desturi yake, anafagia kutoka jikoni kuelekea kwenye ua. Hakuogopa. Alihisi kama mtu aliyesahau neno kwa muda mrefu na ghafla likamjia. Siku nyingine alimkuta kwenye kigoda akimenya mihogo. Mwanzo hakusema, halafu akaanza kusema, kwa Kimakonde chao, mambo madogomadogo: makuti ya upande wa magharibi yanavuja, kuku wa jirani ana kideri, nani kaacha debe juani. Kornelio alijibu. Akaanza kununua samaki wawili.

Sasa katika njia ya Kilwa palikuwa na fundi viatu mmoja, Mngoni wa Songea, jina lake Leodegar. Wangoni na Wamakonde pale Mtoni walitaniana, na utani wa hawa wawili ulikuwa mkali kuliko wa wengine. Siku ya maziko ya Eufrazia, Leodegar alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Alishuka kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka aahidiwe kuku, akisema Wamakonde ni wachoyo hata wa udongo. Watu walicheka huku wanalia. Tangu hapo kila Kornelio alipopita, walitukanana kidogo ndipo wasalimiane.

Mchana mmoja Kornelio alipita akiyumba, akishika ukuta.

“Mmakonde,” Leodegar akamwita bila kuinua kichwa kwenye kiatu, “umekunywa nini ukamnyima mtani wako? Au ndiyo mwendo wa watu walioshuka mtini jana?”

Kornelio alisimama. Jibu alikuwa nalo, jibu zuri, lilihusu Wangoni na ng'ombe wa wizi, lakini lilipofika ulimini likakwama. Akafungua kinywa, akakifunga, akatikisa kichwa kama anayefukuza nzi, kisha akaendelea na safari yake. Leodegar aliweka nyundo chini. Mmakonde kutojibu tusi lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Alimfuata nyumbani siku ile na siku nyingine, kwa kisingizio cha kudai kuku wake. Akakaribishwa chakula. Aliona sahani tatu zimewekwa, na mchuzi hauna ladha hata kidogo. Aliusema ule mchuzi vibaya sana. Habari ya sahani ya tatu hakuisema.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo kama si moto. Kornelio alibandika chungu, Eufrazia akamwita uani, akaenda kukaa naye. Kuni zikaanguka, zikashika mabua ya ukuta wa jiko. Jirani yake Adelina, mjane wa Kingindo aliyeuza vitumbua, ndiye aliyeona moshi akapiga yowe, na watu wakaumwagia maji. Jiko likateketea, nyumba ikapona. Kornelio alikutwa kwenye kigoda chake akiongea, tena kwa furaha.

Adelina alikuja jioni, amefunika kichwa kwa heshima, akachuchumaa mbali kidogo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akamwambia kwa upole kwamba amemheshimu tangu siku ya kwanza, na marehemu mama alimfaa sana, lakini nyumba zote pale ni za makuti na yeye ana wajukuu wanaolala ndani. Wazee wa mtaa wamekwenda kwa jumbe. Jumbe amesema hali isipobadilika atampeleka hospitali ya wenye wazimu, huko bara, akatunzwe.

“Mie sitaki, baba,” Adelina akasema. “Lakini sie tuna watoto.”

Kornelio alimshukuru. Alipoondoka, akamuuliza Eufrazia kama amesikia. Eufrazia alisema makuti ya upande wa magharibi yanavuja.

Kesho yake Leodegar, aliyekwisha kusikia habari ya jumbe, akafunga kazi, akamshika Kornelio mkono, akampeleka kwa Daktari Remtulla, akimtukana njia nzima ili watu wadhani ni utani wa kila siku.

Daktari alimtazama muda mrefu. Alimwangalia vile vipele usoni, akamwambia atoe ulimi, akamwambia atembee kwenye mstari wa sakafu. Akamuuliza tarehe. Kornelio hakuijua, naye alikuwa mtu aliyeijua tarehe kuliko karani. Akamuuliza nyumbani anaishi na nani.

“Na mke wangu,” Kornelio akasema.

Leodegar akatazama chini.

Daktari aliuliza tena habari ya chakula, safari hii akitaka kimoja kimoja: ugali wa nini, mboga gani, nani anapika, anatia nini. Kornelio akaanza kufunga vifungo vya koti lake. Leodegar ndiye aliyesema kwamba amekula kwa mzee huyu, na chakula chake hakina chumvi hata punje. Alidhani ni uchoyo wa Kimakonde tu. Ndipo Kornelio, kwa sauti ndogo, akiutazama ukuta, akaeleza habari ya ukoo wao na ya Leonardi asiyekuja.

Alitazamia daktari acheke. Daktari hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa kanzu yake.

“Mzee Kornelio,” akasema, “hii dawa na chumvi hugombea nafasi moja mwilini. Mtu akila chumvi, dawa hutoka kwa mkojo. Asipokula, dawa hukaa, na ya leo hupanda juu ya ya jana. Tena mtu akizeeka, figo hufanya kazi pole pole. Wewe umejaa dawa kama mtungi.”

Akaeleza kwamba kitabu chake kinasema mtu mzima anywe kiasi kile, lakini hakisemi mtu mzima wa umri gani, wala anayekula nini. Waliokiandika walizipima dawa kwa vijana wenye nguvu, na wazee wanapewa kwa kukisia. Yeye mwenyewe aliwahi kumwona mzee mwingine, Mhindi mwenzake aliyekatazwa chumvi kwa ajili ya moyo, akawa hivihivi, na jamaa zake wakamfungia chumbani wakidhani amerukwa na akili. Akafa humo.

“Mimi nilikuuliza kama unakula,” daktari akasema. “Sikukuuliza unakula nini. Kosa hilo ni langu.”

“Ni langu pia,” Kornelio akasema. “Nilikuficha.”

Daktari akaichukua ile chupa akaiweka upande wake wa meza. Maagizo yalikuwa mafupi. Dawa basi. Chumvi kila siku, katika uji, katika mchuzi, na maji mengi. Bila chumvi, hata akiacha dawa, itakaa mwilini siku nyingi, na jumbe hatangoja. Kisha akamwambia kwa upole, kama anayesema jambo la kumfurahisha mgonjwa, kwamba yule mama anayemwona ni kazi ya dawa, na dawa ikitoka naye ataacha kuja.

Kornelio alirudi nyumbani, na chumvi hakula.

Leodegar aliposikia kutoka kwa Adelina kwamba mzee bado anaongea na kigoda, alidhani ni ile desturi tu. Akapika supu ya samaki kwake, akaitia kwenye kopo, akamega na chumvi ya mawe akaifunga kwenye kipande cha karatasi, akaja alasiri. Alimkuta Kornelio uani, amekaa mkabala na kigoda kitupu.

“Leonardi haji,” Leodegar akasema, akikaa chini bila kukaribishwa. “Miguu yake haimleti. Nitakulambisha mie.”

“Wewe si ndugu yake.”

“Nani aliyelala kaburini mwake kabla yake? Leonardi? Nililipasha joto mie, Mngoni, ili asikute baridi. Udongo wake ulinijaa masikioni. Na kuku wangu mpaka leo anatembea kwenye midomo ya Wamakonde.” Akaendelea kwa sauti ya kawaida. “Mtani anazika. Anayezika anaweza kufungua. Hata kwenu wanajua hivyo.”

Kornelio alijua kwamba ni kweli. Wazee wa kwao walikuwa wamewahi kufanya hivyo, mtu alipofia ugenini na ndugu wakawa mbali. Aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa imelala magotini kama vitu alivyowekewa na mtu mwingine.

“Si desturi inayonizuia,” akasema mwishowe, neno kwa neno, maana ulimi ulikuwa mzito. “Nikila chumvi, ataondoka.”

Leodegar hakutania. Akatazama pale alipokuwa anatazama mwenziwe.

“Yuko wapi sasa?”

“Hapo. Anamenya mihogo.”

Yule Mngoni akavua kofia yake. Akakisalimu kigoda, akamwita shemeji, akamwambia kwamba mumewe anataka kuchukuliwa akafungiwe na wenye wazimu, na kwamba huko hakuna anayejua Kimakonde. Alisema hayo bila haya, kama mtu anayesema na mtu. Halafu akamgeukia Kornelio.

“Ataondoka,” akasema. “Sikudanganyi.”

“Na mimi nitabaki na nani?”

Leodegar alifikiri. Alikuwa na mke na watoto wengi na viatu vya watu vilivyomngoja, na hakutaka kuahidi kitu ambacho wiki ijayo angekisahau.

“Sijui, mtani,” akasema.

Labda ni jibu lile lililomsaidia Kornelio, maana kila mtu aliyemfariji tangu msiba alimwambia kwamba hayuko peke yake, kisha akaaga. Kivuli cha ua kikafika miguuni pao na supu ikapoa. Alimtazama Eufrazia, akataka amwambie neno lolote, amkataze au amruhusu, lakini Eufrazia alimenya mihogo yake, kichwa ameinamisha, na maganda hayakuanguka popote. Kornelio aliyatafuta chini kwa macho. Hayakuwapo.

Akafumba macho, akatoa ulimi.

Leodegar alisaga punje kwa vidole, akamtia chumvi ulimini. Ilimuwasha, ikamjaza mate kinywa kizima. Leodegar hakukijua Kimakonde, kwa hiyo aliyasema yale maneno kwa Kiswahili chake cha Songea, polepole, kama Kornelio alivyoyaeleza kwa daktari.

“Dada yetu amefika. Sasa kula.”

Kornelio akala supu yote. Alilia huku anakula, machozi yakaingia katika kopo, wala Leodegar hakumwambia anyamaze.

Eufrazia hakuondoka siku moja. Kwanza sauti ilififia, ikawa kama ya mtu anayesema katika nyumba ya pili. Kisha akaacha kukaa. Alipita tu, upande wa jicho, na Kornelio akigeuka hapana mtu. Alikula chumvi kama alivyoagizwa. Kulikuwa na siku alizoitazama ile karatasi ya chumvi kwa chuki, akaila hivyohivyo. Mwisho ulibaki ufagio. Alisikia unafagia, akatoka upesi, akamkuta Adelina anawafagilia watoto mahali pa kulala kivulini. Adelina alimwamkia. Yeye akaitikia, akaingia ndani, na tangu siku ile hakusikia kitu.

Vipele vikakauka. Patasi ikarudi kumtii. Wazee wa mtaa walikuja pamoja na jumbe, wakamkuta amevaa koti, akawasomea ukurasa mzima wa gazeti na kuwaeleza maana yake, hata jumbe akawa na haya. Waliaga kwa heshima. Usingizi haukurudi, lakini alipokuwa macho alijua kwamba yuko macho.

Alikwenda kwa Daktari Remtulla kama alivyoagizwa. Daktari alimtembeza kwenye mstari wa sakafu, naye akatembea kama askari. Alimuuliza tarehe, akaitaja pamoja na sikukuu ya mtakatifu wa siku hiyo.

“Na nyumbani unaishi na nani?”

“Peke yangu.”

Daktari alitabasamu, akampiga bega.

“Vizuri sana, mzee. Vizuri sana. Umepona.”

Kornelio alimshukuru, maana alikuwa mtu wa adabu, akachukua kofia yake akatoka. Nje, katika benchi la wagonjwa, watu walimwona mzee wakasogeleana kumpa nafasi, wakidhani ndiyo kwanza anafika. Akakaa. Upande mmoja alikuwa na mzee mwenye kikohozi, upande wa pili mwanamke aliyebeba mtoto. Bega la mwanamke lilikuwa na joto, na mtoto alimshika Kornelio kidole akakivuta.

“Unaumwa nini, babu?” mwanamke akamuuliza.

“Siumwi, mwanangu,” akasema. “Mimi nimepona.”

Mwanamke akamtazama, akingoja aondoke. Kornelio akakiacha kidole chake mkononi mwa mtoto.